Onyo Si Hukumu



Jioni moja, baada ya mkutano wa kikundi chetu hapa Minova, kijana mmoja alibaki nyuma akinisaidia kupanga viti. Nilimwuliza kwa nini jina lake halimo katika orodha ya wale watakaofanya mtihani wa Serikali. Alikuwa amemaliza miaka yote ya masomo, na katika hisabati hakuna aliyemzidi darasani. Akanijibu: "Mzee, ni ya faida gani? Yote yalikwisha kupangwa. Wataalamu walikwisha kupiga mahesabu, wanajua nchi hii itavunjika lini na nani atachukua kipande gani. Sisi tunangojea tu."

Hakusema kwa hasira wala kwa machozi. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja bei ya sambaza sokoni, na utulivu huo ndio ulioninyima usingizi. Mtu anayelia bado anadai kitu. Mtu aliyetulia namna hiyo amekwisha kukabidhi maisha yake kwa wengine. Wala msidhani kwamba kijana huyo ni mvivu. Mwanzoni mwa 2024, wakati maelfu ya ndugu zetu walipokimbia mapigano ya upande wa Sake na kutafuta hifadhi kwetu, yeye alibeba bidoni za maji tangu alfajiri hadi usiku, bila kuulizwa na bila kulipwa.

Naandika basi kuyapinga mafundisho yaliyomfikisha hapo. Yanahubiriwa kwa midomo mitatu. Wa kwanza ni mdomo wa mchambuzi wa siasa, anayetuonyesha katika simu ramani ya Kongo iliyokatwa vipande, naye huitaja kana kwamba ni hati iliyopigwa muhuri. Wa pili ni mdomo wa mhubiri anayeuza unabii wa mwaka mpya, na ambaye mwaka ukiisha bila unabii kutimia, huuza mwingine. Wa tatu ni mdomo wa yule anayeshika jedwali la takwimu asilolielewa, akatuambia kwamba vita kwetu ni kama mvua ya Septemba: huja kwa sababu huwa inakuja. Watatu hao hugombana wao kwa wao, lakini neno lao ni moja: kesho yenu ipo tayari, nanyi ni abiria tu katika mtumbwi unaopigwa makasia na wengine.

Wazee walisema, "Liandikwalo ndilo liwalo." Lakini wazee haohao walisema pia, "Tahadhari kabla ya hatari." Ikiwa methali ya kwanza ndiyo ukweli wote, ya pili haina kazi duniani. Nataka tuangalie kwa makini hoja ya wenye mahesabu, maana ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Ikianguka hiyo, nyingine hazitasimama peke yake.

Sayansi iliyozaliwa hadithini

Mwandishi mmoja wa Marekani, Isaac Asimov, aliyezaliwa Urusi mwaka 1920 na aliyekuwa pia mwalimu wa biokemia katika Chuo Kikuu cha Boston, alianza mwaka 1942 kuchapisha gazetini hadithi zilizokuja kukusanywa mwaka 1951 katika kitabu kiitwacho Foundation. Ndani yake mtaalamu wa hisabati, Hari Seldon, anaunda elimu iitwayo saikohistoria: elimu ya kupiga hesabu ya mwenendo wa jamii nzima kwa karne nyingi zijazo. Seldon anaona kwamba dola inayotawala nyota zote, yenye umri wa miaka 12,000, itaanguka, na nyuma yake litafuata giza la miaka 30,000. Asema kwamba mambo yakipangwa vema, giza hilo laweza kufupishwa liwe la miaka 1,000.

Mfano anaoutumia ni wa hewa iliyofungiwa ndani ya chombo. Hakuna awezaye kusema chembe moja ya hewa itaelekea wapi, lakini juu ya chembe zote pamoja tunajua mengi: ukiipasha moto, hewa itasukuma kuta za chombo kwa nguvu zaidi, leo na kesho na siku zote. Ndivyo ilivyo kwa wanadamu, asema: mmoja hatabiriki, mabilioni wanatabirika. Kwa hiyo elimu hiyo ina masharti mawili. La kwanza, watu wawe wengi mno. La pili, watu hao wasijue utabiri uliofanywa juu yao.

Nawaomba msimame kidogo mbele ya sharti hilo la pili. Mwandishi alikuwa mwaminifu kwa akili yake. Aliona kwamba watu wakijua walichotabiriwa, watabadili hatua zao, na hesabu yote itavurugika. Ndiyo maana katika hadithi yake lazima kuwe na wachache waliofichika, wanaojua na kuongoza, na wengi wasiojua kitu, wanaoongozwa. Hata hivyo anatokea mtu mmoja, ambaye mfano wake haukuwamo katika mahesabu, na mpango wa karne nyingi unakaribia kuanguka kwa ajili yake. Hadithi ina ruhusa ya kubuni lolote. Lakini hata hii haikuweza kusimama bila ujinga wa wengi, na haikuweza kuhimili nguvu za mmoja.

Chembe ya hewa haisomi gazeti. Haimkumbuki mama yake, haioni aibu, haiombi msamaha, wala haiungani na jirani zake kuanzisha likelemba ili mtoto wa mjane arudi shuleni. Kila jambo kati ya hayo laweza kugeuza mwendo wa kijiji, na hakuna hata moja lililomo katika mfano wa chombo cha hewa.

Mtasema: hiyo ni hadithi. Ndiyo, lakini tamaa iliyo ndani yake ni ya kweli na ya zamani. Mbelgiji Adolphe Quetelet, mwana wa mji wa Gent, aliandika mwaka 1835 kitabu juu ya kile alichokiita fizikia ya jamii. Alikuwa amechunguza hesabu za mahakama, akashangaa kuona kwamba idadi ya makosa yanayotendwa nchini hukaribiana mwaka hadi mwaka, kana kwamba kuna kodi inayolipwa kwa wakati wake. Akamchora mtu wa wastani, ambaye hakuna aliyewahi kumwona wala kumsalimu, akamfanya kipimo cha wote. Lakini Quetelet mwenyewe alikubali kwamba idadi hizo hutokana na sheria na desturi za jamii, na kwamba hizo zikibadilishwa, idadi nazo zitabadilika. Wanaomfuata kwa nusu husahau nusu hiyo ya pili.

Kalenda ya miaka 30

Haitupasi kwenda mbali kutafuta ushahidi. Nchi yetu yenyewe iliwahi kupigiwa hesabu.

Mwishoni mwa 1955 mwalimu mmoja Mbelgiji, Jef van Bilsen, alitoa mpango wa miaka 30 wa kuifikisha Kongo kwenye uhuru. Alitazama shule zilizokuwapo, akatazama jinsi Wakongo wenye elimu ya juu walivyokuwa wachache (Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954 tu), akahesabu muda wa kuwaandaa watawala, waganga, wahandisi na maofisa. Jibu likawa kizazi kimoja: uhuru ungefika yapata mwaka 1985. Tusimcheke. Wabelgiji wengi wa wakati ule walimkasirikia kwa kusema kwamba uhuru utakuja haraka kiasi hicho. Kati yao yeye alikuwa miongoni mwa wenye ujasiri.

Kisha likatokea jambo ambalo halikuwamo katika hesabu: waliohesabiwa waliisoma hesabu. Mwezi wa Julai 1956 kundi la Wakongo wasomi, wengi wao Wakatoliki, waliokuwa na gazeti la Conscience Africaine huko Léopoldville, walitoa tamko wakikubali muda wa miaka 30 lakini wakidai kwamba Wakongo washiriki wenyewe katika kuupanga. Mwezi uliofuata Abako ya Joseph Kasa-Vubu ikajibu kwamba hata miaka hiyo ni mingi mno, ukombozi utolewe leo. Tarehe 4 Januari 1959 Léopoldville iliwaka kwa ghasia. Tarehe 13 Januari mfalme Baudouin akatamka hadharani neno la uhuru. Tarehe 30 Juni 1960 bendera ya Ubelgiji ikateremshwa. Miaka 30 ilikuwa imegeuka kuwa chini ya mitano, na kalenda yenyewe ilikuwa mojawapo ya sababu zilizoharakisha mambo, kwa kuwa iliwapa watu kitu cha kujibu.

Hapa mwenye mahesabu ataniuliza: "Na yaliyofuata? Jeshi liliasi Julai ileile, Katanga ikajitenga. Je, yule mwalimu hakuwa na haki?" Swali hilo ni la heshima na halipaswi kukwepwa. Nasema hivi: katika neno lake kulikuwa na mambo mawili. Lilikuwamo onyo, yaani, andaeni watu, la sivyo mtaumia. Onyo hilo lilikuwa la kweli, na waliolipuuza waliwaumiza wengine. Na ilikuwamo kalenda, yaani, taifa hili litakuwa tayari mwaka fulani na si kabla. Kalenda hiyo ilivunjika, kwa sababu watu hawakukubali kuwa mahindi yanayongoja siku ya kuvunwa.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha barua yangu. Onyo linakuambia: mambo yakiendelea hivi, litatokea hili; basi amka. Hukumu inakuambia: litatokea hili, basi kaa. Yote mawili hutumia maneno ya wakati ujao, na yote mawili yaweza kushika takwimu mkononi, lakini onyo linamhitaji mtu huru, na hukumu inamhitaji mfungwa.

Mlima, ziwa na watu

Siwapingi wataalamu waaminifu. Katika Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi kuna mradi uitwao ViEWS, ambao kila mwezi hutoa makadirio ya vifo vya vita hadi miezi 36 mbele, nchi kwa nchi, na hata kwa kuigawa Afrika katika miraba ya takriban kilomita 55 kila upande. Mraba kama huo waweza kuimeza Minova pamoja na vilima vyote tunavyoviona tukisimama kando ya ziwa. Kazi hiyo si uaguzi. Ni makadirio yanayotokana na mwenendo wa nyuma, nayo humsaidia anayepaswa kuweka akiba ya dawa na chakula kabla barabara haijafungwa. Inasema kwa lugha ya uwezekano. Ni sisi tunaoigeuza kuwa amri.

Fikirini juu ya mlima wetu wa moto. Nyiragongo haina hiari, haina siasa, haina kabila. Wataalamu wa Goma wanaisikiliza kwa vyombo mchana na usiku, baada ya milipuko ya 1977 na 2002. Hata hivyo tarehe 22 Mei 2021 ilitapika moto bila dalili zilizo wazi za kutangulia. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, serikali iliamuru sehemu kubwa ya Goma ihame kwa hofu ya mlipuko wa pili. Mnakumbuka umati uliomiminika Sake, na wale waliofika mpaka kwetu na magodoro kichwani. Mlipuko wa pili haukuja. Je, amri ile ilikuwa bure? Hapana. Lilikuwa onyo, na onyo lisilotimia si uongo. Lakini ikiwa mlima, usiosikia yanayosemwa juu yake, waweza kuwashinda wanaoupima, tuseme nini juu ya watu, ambao husikia, hubishana na hujibu?

Maana kwa wanadamu utabiri ukisemwa huingia ndani ya jambo lenyewe. Chukueni mfano mdogo wa soko letu. Uvumi ukienea kwamba vita vitafika Ijumaa, mwenye mbuzi atawauza kwa bei ya hasara, mwenye maharagwe atayaficha, mwenye mtumbwi atapandisha nauli, na mwalimu atafunga shule. Ifikapo Ijumaa njaa na hofu zimekwisha kuingia, hata kama hakuna risasi iliyosikika. Kijana asiye na shule wala mbuzi ataitwa na kikundi chenye silaha, naye atakwenda, kwa sababu aliambiwa kwamba vita ndiyo kesho yake. Kisha mtabiri atasema: sikuwaambia? Kumbe alichokifanya ni kutupa mbegu na kujisifu kwa mavuno.

Kinyume chake pia ni kweli. Yona alitumwa Ninawi kutangaza kwamba baada ya siku arobaini mji utaangamizwa. Hakuweka sharti lolote katika tangazo lake. Watu wakasikia, wakafunga, wakageuka, kuanzia mfalme hata mdogo kabisa, na mji ukapona. Yona alikasirika, kwani kwake utabiri ulikuwa umeharibika. Alipenda neno lake litimie kuliko watu waishi. Angalieni sana hasira hiyo, vijana, kwa maana mtaikuta kwa wachambuzi wengi: amani ikionekana kukaribia, wao huhuzunika kana kwamba wameibiwa. Nabii wa kweli hufurahi anapokosolewa na toba ya wasikilizaji wake.

Linganisheni sasa Ninawi na ile elimu ya hadithini. Kule, watu lazima wasijue. Hapa, wokovu unakuja kwa sababu wamejua. Yeyote anayewatabiria mambo yenu huku akipendelea msijue njia aliyoitumia, hesabu aliyoifanya na faida anayoipata, huyo amewaweka katika chombo cha hewa.

Ambacho hatukukosa

Watu husema: laiti tungejua mapema. Nami nauliza: ni lini tulikosa kujua?

Tarehe 11 Januari 1994 jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, aliyeongoza askari wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, alipeleka New York ujumbe akieleza juu ya silaha zilizofichwa na juu ya mpango wa kuua watu. Aliomba ruhusa ya kuzikamata silaha hizo. Akakatazwa. Mwezi wa Aprili mauaji ya kimbari yakaanza, na mwezi wa Julai watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamevuka mpaka na kumwagika Goma na Bukavu. Hakuna hesabu ya hali ya juu iliyohitajika. Barua moja ilitosha kwa yeyote ambaye angetaka kutenda.

Tuseme basi ukweli huu mchungu: ugonjwa wetu mkubwa si upungufu wa utabiri. Ni upungufu wa watu wanaolichukua onyo kama wito unaowahusu wao. Na wale wanaotuambia kwamba kila kitu kilikwisha kuamuliwa wanatupatia kisingizio chema kuliko vyote. Ikiwa yote yalipangwa, aliyeuza silaha hana dhambi, aliyekaa kimya hana dhambi, nami niliyefunga mlango wangu mkimbizi alipobisha sina dhambi. Kila mtu amesamehewa kabla ya kutubu. Ndiyo sababu mafundisho hayo hupendwa hata na wanaoumia kwayo.

Wasiolingana na hesabu

Lakini wako ambao hawakulingana na hesabu, na baadhi yao ni wa huku kwetu.

Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjezuiti, aliandika barua nyingi akiuonya ulimwengu juu ya vita vilivyokuwa vinakuja. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vikaufikia mji wa Bukavu. Kila hesabu ya mtu mwenye akili ya kawaida ilisema: kimbia. Alibaki na watu wake, na tarehe 29 Oktoba akauawa. Mtu huyo aliona mbele kuliko wengi, na kuona mbele hakukumfanya akae. Kulimfanya atende mpaka mwisho.

Floribert Bwana Chui alikuwa kijana mlei huko Goma, mwenye kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Kama tungemwuliza Quetelet juu ya mkaguzi wa wastani wa mpaka ule, jibu tunalijua sote: atapokea bahasha. Floribert alikataa kupitisha chakula kilichoharibika, kisije kikawaua watu. Mwezi wa Julai 2007 walimwua, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri huko Roma. Hakubadili takwimu za rushwa za mwaka 2007. Alibadili kitu ambacho takwimu hazikipimi: tangu siku ile hakuna kijana wa Kivu anayeweza kusema kwamba haiwezekani kukataa.

Nawakumbusha pia wanawake wa Minova. Nawataja kwa heshima na bila jina. Mwezi wa Novemba 2012 askari waliokimbia kutoka Goma walifika hapa, na zaidi ya wanawake na wasichana 100 walibakwa. Kesi ikafunguliwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na wengi wa waliodhulumiwa wakakubali kutoa ushahidi, nyuso zao zikiwa zimefunikwa. Mtu wa mahesabu angewaambia: msijisumbue, katika nchi hii wakubwa hawahukumiwi. Tarehe 5 Mei 2014 hukumu ikasomwa. Kati ya washitakiwa 39, wawili tu walitiwa hatiani kwa kosa la ubakaji.

Sitawaficha: mtu wa mahesabu alikuwa na haki juu ya matokeo. Je, wanawake wale walikosea? Hapa ndipo mafundisho yale yanapoonyesha umaskini wake. Hesabu inaweza kujibu swali la mambo gani hutokea mara nyingi. Haiwezi kujibu swali la nini kinipasacho mimi leo. Wanawake wale hawakwenda mahakamani kwa sababu walitabiri ushindi. Walikwenda kwa sababu jambo lililotendwa lilikuwa ovu na lilipaswa kusemwa na aliyetendewa. Na kwa kusema kwao, yaliyotokea Minova yameandikwa katika kumbukumbu za mahakama, ambapo hakuna anayeweza kudai kwamba hayakutokea.

Tena, majedwali yenyewe yanatoka wapi? Kila namba iliyomo ni tendo la mtu. Ikiwa hesabu ya leo inasema kwamba mkaguzi hupokea, ni kwa sababu jana wakaguzi walipokea. Ili hesabu ya kesho iseme vingine, lazima mtu mmoja awe wa kwanza kutolingana, na mara nyingi huyo wa kwanza hulipa gharama.

Wengine watauliza: je, Mungu haijui kesho? Anaijua. Lakini kujua kwake hakumfungi mtu mikono. Katekisimu, katika namba 2115, inatufundisha kujikabidhi kwa maongozi yake na kuacha udadisi mbaya juu ya mambo yajayo. Na mahali hapohapo inasema kwamba kutokujiandaa kwaweza kuwa kukosa uwajibikaji. Hapo pana njia nyembamba kati ya mganga wa ramli na mtu anayelala. Ndiyo njia yetu.

La kufanya

Tarehe 21 Januari 2025 Minova iliingia mikononi mwa M23, kisha Goma, kisha Bukavu mwezi wa Februari. Sitawaambia yatakayofuata. Wanaowaambia kwa hakika waulizeni mambo matatu. Umeyajuaje? Nani anafaidika nikikuamini? Unaniomba nifanye nini? Asiyeweza kujibu la kwanza anabahatisha. Anayekasirika kwa la pili anaficha kitu. Na ambaye kwa la tatu hana jibu ila "ngojea," huyo mwacheni, hata akiwa na vyeti, hata akiwa na jukwaa, hata akilia kwa kinywa cha Mungu.

Lakini anayewaonya kwamba mteremko wa kilima umekatwa miti na mvua itauporomosha, msikilizeni, mkashike majembe. Mwaka 2023, tarehe 4 Mei, mvua iliwaua watu zaidi ya 400 huko Bushushu na Nyamukubi, katika wilaya yetu hiihii ya Kalehe. Salongo ya kuchimba mifereji na kupanda miti si jambo dogo kuliko mijadala juu ya ramani za mataifa. Ni jibu la onyo la kweli.

Nilimwambia yule kijana sehemu ya haya tulipokuwa tukifunga mlango. Sikumtabiria kwamba atafaulu mtihani, wala kwamba nchi itatulia. Nilimwambia siku ya mwisho ya kujiandikisha, na kwamba kikundi kimechanga nusu ya ada. Akakaa kimya, kisha akauliza kama anaweza kuleta nusu nyingine kidogo kidogo. Nikamjibu kwamba anaweza.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Ni utabiri gani juu ya nchi au kijiji chetu tunaoukariri mara kwa mara? Ni onyo au ni hukumu?

2. Ni mara ngapi tumesema "yote yamepangwa" ili tusifanye jambo tulilojua kwamba linatupasa?

3. Ni onyo gani la kweli lililo mbele yetu msimu huu, na nani kati yetu atashika jembe la kwanza?